Picha ya Kihindi na diski ya tatu

Mtu yeyote aliyekulia Mji wa Kale aweza kukwambia mwisho wa picha ya Kihindi kabla taa za intavali hazijawashwa. Steringi ni maskini, au anajifanya maskini. Msichana ni binti wa tajiri. Kwanza wanagombana, halafu mvua inanyesha, halafu wanaimba. Baba anakataa. Kuna mchumba mwingine aliyechaguliwa na wakubwa, mwenye mali na tabia mbovu, naye ndiye adui. Mama analia. Kufikia intavali kila kitu kimevunjika. Baada ya intavali kila kitu kinaungwa, na dakika kumi za mwisho ni ngumi, damu kidogo pembeni mwa mdomo, na baba anayekubali. Nyimbo tano au sita. Saa tatu. Nyumbani.

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikilalamika kuhusu hifadhidata na programu zisizofunguka. Leo mtanivumilia, nataka kuandika historia, tena ya jambo ambalo wasomi wetu wengi hulicheka. Hadithi ambayo mwisho wake unajulikana hata na mtoto aliyelala mapajani, ilidumuje kisiwani Mombasa kwa zaidi ya nusu karne? Ilitoka jumba la sinema ikaingia kwenye kaseti, ikatoka kwenye kaseti ikaingia kwenye diski, ikatoka kwenye diski ikaingia kwenye dishi na simu, na kote huko ilikuwa ileile. Jibu la haraka ni kwamba watu ni wavivu wa kufikiri. Silikubali. Nadhani jibu liko karibu zaidi na kazi yetu sisi watu wa kompyuta, na nitajaribu kulieleza.

Tena tusidhani ni ugonjwa wa Bombay peke yake. Marekani kuna stesheni ya Hallmark Channel, yenye jina hilo tangu 2001, na tangu 2009 miezi ya mwisho wa mwaka huijaza filamu za mapenzi za Krismasi. Mwanamke mwenye kazi kubwa mjini anarudi kwenye mji mdogo. Anakutana na mwanamume anayeuza miti, au anayeoka mikate. Yule mchumba wa mjini hafai. Wanakosana kwa jambo dogo, wanapatana, theluji inaanguka, na busu ni moja tu, nalo huja mwishoni. Ukiondoa theluji ukaweka mvua utaona ni ndugu wa baba mmoja na zile zetu. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Marekani anaelewa kila neno linalosemwa. Sisi hatukuwa tukielewa. Hapo ndipo hadithi hii inapoanza kuwa ya kwetu.

Filamu za Kihindi zenye sauti zilianza 1931 kwa Alam Ara, ambayo tayari ilikuwa na nyimbo saba. Yaani nyimbo hazikuongezwa baadaye ili kupendeza watu. Zilikuwamo tangu siku ya kwanza. Awaara ya Raj Kapoor na Nargis ilitoka 1951 ikatembea hadi Urusi, Uturuki na pwani yetu. Halafu Mother India 1957, Mughal-e-Azam 1960, Sangam 1964, Bobby 1973, Sholay 1975. Kisiwani Mombasa kulikuwa na Regal, Naaz, Majestic, Kenya na wenzao, na kwa miaka mingi picha za Kihindi zilikuwa na siku zake na watu wake. Majumba hayo yamekwisha kufungwa. Wazee bado hutumia majina yake kukuelekeza njia, wakisahau kwamba wewe hukuyakuta.

Watu wengi hufikiri kwamba Wahindi wa Mombasa walielewa na Waswahili hawakuelewa. Si hivyo hasa. Wahindi wengi wa kisiwa hiki nyumbani husema Kigujarati au Kikachi, wengine Kipunjabi. Kihindi cha sinema, chenye Kiurdu kingi ndani yake, hakikuwa lugha ya mama ya walio wengi ukumbini. Mswahili naye alikuwa na maneno yake kumi au kumi na tano aliyoyaokota: moyo, mapenzi, rafiki, hapana, nakupenda. Mara nyingi hakukuwa na maandishi ya chini, na hata kama yangekuwapo yangekuwa ya Kiingereza, ambacho nacho kina wenyewe. Ukumbi mzima basi ulikuwa umekaa saa tatu ukitazama watu wanaosema lugha ambayo wengi wa waliokaa hawaisemi. Na hakuna aliyetoka.

Fikirieni na uzito wa mali yenyewe. Ukanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine kwa fremu 24 kila sekunde, ambayo ni futi 90 kwa dakika. Picha ya saa tatu ni futi 16,200, karibu kilomita tano za ukanda, karibu kutosha kukivuka kisiwa cha Mombasa. Huwezi kuutia wote kwenye gurudumu moja. Ulikatwa vipande vipande na kufungwa kwenye makopo. Mwanahistoria wa Marekani Laura Fair, aliyechapisha kitabu Reel Pleasures mwaka 2018 kuhusu sinema na watazamaji wa Tanzania, anaeleza jinsi Unguja nakala moja ilivyoweza kugawanywa baina ya majumba: jumba la kwanza likimaliza kopo, kijana anapanda baiskeli analikimbiza jumba la pili, ambalo limeanza picha ileile kwa kuchelewa. Huku ni kutuma data kwa pakiti, miaka mingi kabla ya yeyote kati yetu kusikia neno intaneti. Na kama kila mtandao, pakiti zilichelewa. Ukanda ulikatika, ukaunganishwa kwa gundi, sekunde kadhaa zikapotea kila mara, na nakala iliyokwisha kuzunguka miji mingi ilifika ikiwa na matundu.

Sasa niwapeleke kidogo Marekani, kwa mtu ambaye sidhani aliwahi kutazama picha ya Kihindi. Claude Shannon, mhandisi wa Bell, alichapisha mwaka 1948 nadharia ya mawasiliano ambayo simu, modemu na diski zetu zote zimejengwa juu yake. Mwaka 1951 akaongeza makala nyingine, ndogo na ya kuvutia. Alichukua maandishi ya Kiingereza, akayafunika, akamwomba mtu akisie herufi moja baada ya nyingine. Katika mfano mmoja wenye herufi 129, mkisiaji alipatia 89, asilimia 69. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi tunayoandika haina habari mpya. Msomaji tayari anaijua. Shannon aliiita ziada, na kwa mtu anayelipia waya kila herufi, ziada ni hasara.

Lakini ziada ina kazi ya pili, na hii ndiyo watu husahau. Laini ikiwa na kelele, ile ziada ndiyo inayookoa ujumbe. Ukipokea barua iliyolowa maji na nusu ya herufi zimefutika, utaisoma, kwa sababu ulikuwa unazijua zile herufi kabla hujaziona. Ujumbe usio na ziada hata kidogo ukiguswa na tone moja la maji umekufa.

Niliijaribu njia ya Shannon kwa shangazi yangu, ambaye ametazama picha nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilitafuta filamu ya miaka ya 1980 ambayo hakuwahi kuiona, nikaisimamisha kwenye intavali, nikamwuliza kitakachofuata, tukio baada ya tukio, nikibonyeza kusimamisha kila mara. Alikosea mara mbili tu. Mara zote mbili alisema ni mwandishi aliyekosea, na nikitazama jinsi picha ile ilivyoharibika baadaye siwezi kumpinga.

Ndiyo maana nasema kwamba kwetu sisi ule mtindo wa hadithi moja ulifanya kazi ya lugha. Hujui anasema nini yule baba mwenye joho la hariri, lakini unajua ni nani, unajua ni saa ngapi ya hadithi, na unajua baba wa aina hiyo saa hiyo husema nini. Maneno ni kelele tu, na hadithi hupita juu yake salama. Kama Bombay ingekuwa inatengeneza picha zenye mwisho usiotabirika, zilizojaa mazungumzo ya werevu, hazingevuka bahari. Zingeishia bandarini Kilindini. Brian Larkin, mwanaanthropolojia, aliandika mwaka 1997 kuhusu jambo kama hilo huko Kano, Nigeria, ambako Wahausa wasio na jirani Mhindi hata mmoja walizipenda picha hizi, na waandishi wao wakaanza kuandika vitabu vya mapenzi vyenye harufu yake.

Halafu ikaja deki. Katika miaka ya 1980 kaseti za VHS ziliingia majumbani, nyingi zikiletwa na jamaa waliokwenda kufanya kazi Ghuba, na kwa wanawake wengi wa pwani mambo yakabadilika. Kabla ya hapo mwanamke wa heshima hakuwa na ruhusa ya kwenda sinema ovyo ovyo. Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na Fair anaeleza jinsi yalivyokuwa siku kubwa, mabuibui tele na watoto nyuma. Deki ililileta jumba la sinema ukumbini mwa nyumba. Minou Fuglesang alikaa Lamu na wasichana wa miaka hiyo, na kitabu chake cha 1994, Veils and Videos, kinaonyesha jinsi picha za Kihindi za kaseti zilivyokuwa sehemu ya mazungumzo yao kuhusu mavazi, wanaume na ndoa. Aliyekulia Kibokoni au Kuze hatahitaji kuambiwa na kitabu. Wanawake saba au wanane ukumbini, mmoja anachambua mchele, mmoja anapaka hina, mmoja anaitwa jikoni kila dakika tano. Wa jikoni akirudi hakuna anayemsimulia kilichopita. Amekwisha kujua.

Kaseti ilikuwa na hesabu zake. Ile ya kawaida, E-180, ilibeba dakika 180. Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995 ina dakika 189. Mwenye duka la kunakili alikuwa na dakika tisa zisizo na pa kukaa, na ilibidi aamue akate wapi. Wengine walikata wimbo. Wengine waliacha kaseti ijiendee mpaka iishe, na mwisho wa filamu ukaning'inia hewani. Nimewahi kukutana na watu waliotazama picha hiyo kwa miaka bila kuuona mwisho wake, na ukiwauliza watakusimulia mwisho barabara.

Baada ya kaseti ikaja VCD, na hapa mniruhusu nijifurahishe kidogo. VCD ni CD ya kawaida iliyotiwa picha ya MPEG-1, upana wa nukta 352, kimo 288, dakika 74 kwa diski. Picha ya saa tatu basi huja kwa diski tatu ndani ya bahasha ya nailoni. CD tangu 1982 imelindwa dhidi ya mikwaruzo kwa hesabu waliyoibuni Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960: katika kila baiti 32 zinazoandikwa, 24 ni mali yako na 8 ni za ulinzi. Robo nzima ya diski ni ziada! Kwa ajili ya robo hiyo, mkwaruzo wa milimita mbili na kitu unaweza kupita bila sikio kujua. Diski ya data huongezewa ulinzi wa pili juu ya huo wa kwanza. Waliotunga VCD waliuondoa ule wa pili kwenye picha ili wapate nafasi zaidi, wakiwa na imani kwamba jicho husamehe. Ndiyo maana diski zetu za kunakiliwa, zilizozunguka nyumba kumi za mtaa mmoja, zilipofika kwako uso wa Shah Rukh Khan uligeuka matofali ya kijani ukaganda hapo.

Mara nyingi ilikuwa diski ya tatu. Sijui kama ni kwa sababu watu waliiacha mezani nje ya bahasha baada ya kumaliza, lakini hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Mashine inakwama, inalia kama kereng'ende, mtu anaitoa, anaifuta kwa kanga, anaipulizia, anairudisha. Haiendi. Hapo mkubwa mmoja huanza kusimulia: sasa atakuja stesheni, sasa watampiga, sasa mama atapiga kelele. Watu wanasikiliza kama kwamba diski imepona. Ulinzi wa Reed na Solomon ulikuwa umeshindwa, na ulinzi wa Bombay ukachukua kazi.

Nisiishie kwenye filamu peke yake, kwa sababu ushahidi mzuri kuliko wote uko kwenye muziki. Taarabu ya Mombasa ina njia mbili kubwa. Kuna ile ya udi na mahadhi ya Kiarabu na ya Lamu, ambayo Zein l'Abdin alikuwa bingwa wake, akiimba mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany (huyu ndiye anayetajwa kubuni neno runinga, na ngamizi kwa kompyuta, wana teknolojia tunamdai heshima). Na kuna ile ya Kihindi. Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa Malindi 1942, akastaafu kuimba 2007 na kufariki 2014, alichukua tuni za sinema za Kihindi akazitia maneno ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Maulidi Juma na kikundi chake walifanya hivyo maharusini, na sahani yao ya Mombasa Wedding Special ilitoka Uingereza 1990. Vinanda vyenyewe vilikuwa vya safari ndefu. Tashkota, ile inayosikika kwenye nyimbo za Zuhura Swaleh, ilibuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na Gorō Morita, ambaye aliweka vibonye juu ya nyuzi kwa kuiga mashine ya taipu. Ni kibodi, kwa ufupi.

Waliochukia taarabu ya Kihindi walisema ni wizi, au uvivu: mtu hawezi kutunga tuni anakwenda kuichukua sinema. Mimi kila siku natumia maktaba za programu zilizoandikwa na watu nisiowajua, na hakuna anayeniita mwizi. Jambo la kutazama ni kinachotokea kichwani mwa msikilizaji. Tuni ameijua tangu wiki ya picha kuonyeshwa. Haimshughulishi. Sikio lake lote liko huru kwa kitu kimoja ambacho hakijui, nacho ni maneno, na maneno ya taarabu ni mafumbo. Yanataka sikio zima. Ahmad Nassir akiweka neno lenye maana tatu mwishoni mwa mstari, msikilizaji yupo pale akilingoja. Tuni mpya kabisa na fumbo jipya kabisa kwa pamoja, nusu ya harusi isingeambulia kitu.

Vivyo hivyo kwenye picha. Kama tukio la kwanza hadi la ishirini umekwisha kuyajua, jicho lako lina nafasi ya kukaa kwenye lile la ishirini na moja. Nilimwuliza shangazi hasa walikuwa wakitazama nini, maana mwisho waliujua. Yeye aliolewa katika miaka ya 1970 na mtu aliyekuwa amemwona mara moja, kupitia upenyo wa mlango. Akajibu bila kufikiri: "Sisi hatukwenda kuona kama wataoana. Twalikwenda kuona baba atasema nini."

Tangu hapo nikirudi kuzitazama naona alivyosema kweli. Kati ya vipande vyote vya mtindo huu, kipande kimoja ndicho kinachobadilika kutoka picha hadi picha, nacho ni njia ya kumpata baba. Katika Awaara baba ni hakimu, na mahakamani ndiko wanakokutana yeye na mwana aliyemtupa. Kijana anakwenda jela, na msichana anaahidi kumngoja. Katika Bobby vijana wanajitupa majini na baba wawili wanaruka kuwaokoa, kila mmoja akimtoa mtoto wa mwenzake. Katika Qayamat Se Qayamat Tak ya 1988 baba hawakukubali na vijana wote wawili wakafa. Mwaka mmoja baadaye, katika Maine Pyar Kiya, baba wa msichana anamwambia kijana wa kitajiri akachume rupia 2,000 kwa jasho lake mwenyewe ndani ya mwezi. Katika Dilwale Dulhania Le Jayenge mama anawapa vijana vidani vyake vya dhahabu na kuwaambia watoroke, na kijana ndiye anayekataa. Anataka kupewa. Anangoja mpaka stesheni, treni ikiwa inaondoka, baba anauachilia mkono wa binti yake.

Mitano, na kila moja ni hoja tofauti juu ya swali moja ambalo Mji wa Kale lilikuwa likiulizwa kila Ijumaa kwenye kila nyumba yenye binti. Walii ni nani, na ana haki kiasi gani? Kwetu posa huletwa kwa wazee, binti huulizwa, na kwa desturi kimya chake huhesabiwa kuwa ni idhini. Ni desturi yenye hekima yake, lakini kimya hakisemi ni idhini ya aina gani. Fair anaandika kwamba Unguja ya miaka ya 1950 na 1960 vijana na wazee wao walizitumia picha hizi kubishana kuhusu mapenzi na ndoa za kupangwa, na hakuna aliyelazimika kumtaja mtu. Unasema Nargis. Unasema yule baba hakimu. Kila aliyekaa mkekani anajua ni baba gani anayesemwa. Kama ungekuwa unatazama hadithi ngeni kabisa, muda wote ungeumaliza kuuliza ni nani huyu na amekuja kufanya nini.

Ukumbi ule haukuwa wa upande mmoja, hilo niliseme. Walikuwapo waliodai kwamba picha hizi ziliwaharibu mabinti, na walikuwapo mabinti waliotoka kwenye picha wakaolewa kama walivyopangiwa wakaishi vizuri. Shangazi ni mmoja wao. Anasema mumewe alikuwa mtu mwema na hakujua kuimba.

Kompyuta nayo imejaribu mapenzi, mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1952 huko Manchester, Christopher Strachey aliandika programu ya kutunga barua za mapenzi. Ilikuwa na kiolezo cha sentensi na orodha za maneno, ikichagua kwa bahati nasibu, na kila barua ilitiwa sahihi ya M.U.C., kompyuta ya chuo kikuu. Barua zinachekesha kwa sababu kiolezo kipo lakini hakuna baba. Hakuna anayekataa. Siku hizi programu za kupendekeza filamu hufanya kazi kinyume cha Strachey: hazitungi, zinahesabu tulichotazama mpaka mwisho na kutuletea kingine kama hicho. Zimegundua upya alichokijua mwenye Naaz. Ila zinatuhesabu mmoja mmoja, kila mtu na simu yake sikioni, na yule wa jikoni hana wa kurudi kukaa naye.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Katika miaka ya 1990 runinga za Kenya zikaleta tamthilia za Meksiko kwa sauti za Kiingereza, na tukagundua kwamba baba wa Kimeksiko naye hukataa. Mwaka 2011 Tanzania ilitazama tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Zee World ilianza 2015 na Kihindi chenye sauti za Kiingereza. Azam ikawatia Waturuki Kiswahili. Mwaka 2022 Citizen ikaanza kuonyesha Sultana, ya Jiffy Pictures, yenye pwani yetu na lafudhi zetu, na kwa mara nyingine ukumbi ukajaa.

Mwezi uliopita nilimwekea shangazi Dilwale kwenye kompyuta, nakala safi, dakika zote 189, na maandishi ya Kiswahili chini ambayo nilikuwa nimekaa usiku mara nne kuyaandika na kuyapanga kwa sekunde. Nilitaka kwa mara moja ajue kila mtu anasema nini. Alivumilia kama dakika ishirini. Halafu akaniuliza kama yale maandishi yaweza kuondolewa, yanamziba Kajol kidevu. Kwa wanaotumia VLC, ni herufi V.